Fuata maji: namna ya kutembea Rungwe na Kyela kwa kuufuata mto Kiwira

Wengi wakija Mbeya kutembea wanakuja na orodha ya vivutio kwenye simu, leo Ngozi kesho Kimondo keshokutwa Matema, gari inakimbia huku na huku, picha zinapatikana nyingi ila ukimuuliza mtu ameona nini anakutajia majina tu. Mimi nashauri kitu tofauti kabisa. Chagua mto mmoja, anza nao kule juu unakotokea, shuka nao taratibu mpaka ziwani. Kwa anayeanza, mto wenyewe ni Kiwira, maana barabara ya lami ya Mbeya, Tukuyu mpaka Kyela inashuka nao upande mmoja wa mlima, haiachani nao sana, na mambo makubwa ya kuona yako jirani na njia hiyo hiyo. Siku nne zinatosha ukienda bila haraka. Tatu ukijibana.

Kabla hujapanda gari ujue kwanza unaingia nchi ya namna gani, manake ukishaelewa hilo kila kitu utakachokiona kinakaa mahali pake. Hapa Mbeya ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, moja linaenda Rukwa, jingine Usangu, jingine linashuka Ziwa Nyasa. Ardhi ikipasuka hivyo moto wa chini unapata njia, ndo maana Rungwe ni volkano, Ngozi ni volkano, na Kyejo ambao uko upande wa pili wa Tukuyu ulimwaga lava mara ya mwisho miaka ya karibu na 1800, yani juzi tu kwa hesabu za milima. Na safu ya Uporoto imekaa katikati inagawa maji. Mvua ikinyesha upande wa kaskazini inashukia Usangu inaingia Ruaha Mkuu, inapita Mtera na Kidatu, inaenda Rufiji mpaka Bahari ya Hindi. Ikinyesha kusini inaingia Kiwira na wenzake, Ziwa Nyasa, alafu Shire, alafu Zambezi, na yenyewe inaishia bahari hiyo hiyo ila kule Msumbiji. Na magharibi kuna Songwe inayoenda Ziwa Rukwa ambalo halina pa kutokea, maji yakifika yamefika. (Angalia usichanganye, kuna Songwe mbili. Nyingine ndo ile ya mpakani na Malawi, inaingia Nyasa.) Sasa ukisimama Uporoto ukaona vijito viwili vidogo vimeachana hatua chache kila kimoja kinaelekea kwake, ukijua safari inayovisubiri, hutavitazama kawaida.

Msimu. Hapa watu wanadanganyana sana. Mvua za Mbeya zinaanza Novemba zinaenda mpaka Aprili au Mei, lakini Tukuyu haifuati kalenda hiyo, Tukuyu inanyesha karibu mwaka mzima na Kyela ndo kabisa, Aprili mabonde yanajaa maji na kuna vijiji barabara zinakatika. Kwaiyo kama unataka kutembea kwa miguu bila kuteleza kila hatua njoo kuanzia Julai mwishoni mpaka Oktoba. Juni na Julai pia sawa ila baridi ya Isyonje usiichukulie poa, asubuhi kuna umande unaganda kwenye majani ya viazi. Ukija kwenye mvua utayakuta maporomoko yakiwa na nguvu zake zote na milima ya kijani mpaka macho yanauma, lakini ukungu unaweza kukufunikia Ngozi ukapanda mlima wote ukafika juu ukaona weupe mtupu. Mimi ningechagua Agosti na Septemba. Maji yapo bado, mito ya huku haikauki kirahisi, na njia zinapitika.

Nguo beba za aina mbili maana unashuka kutoka zaidi ya mita 2,000 mpaka chini ya mita 500 ndani ya safari moja. Juu sweta na koti la mvua, chini kaushi na kandambili. Viatu ndo cha muhimu kuliko vyote, raba ya soli laini iache nyumbani, udongo wa huku ni wa volkano, ukilowa ni utelezi mtupu. Wenyeji wengi wanavaa gambuti na wana sababu. Beba pia mfuko wa nailoni wa kufungia simu, tochi, na hela taslimu za noti ndogo ndogo kwa sababu vijijini mtu hana chenji ya elfu kumi na mtandao wa kutuma hela kuna mahali unakata.

Usafiri sio shida kabisa. Kutoka Mbeya mjini unapanda daladala mpaka Nanenane, pale kosta za Tukuyu na Kyela zinajaa na kuondoka siku nzima. Omba siti ya dirishani, na kondakta mwambie mapema unashukia wapi. Ukiwa na gari binafsi ni rahisi zaidi, ila mteremko wa kutoka Uporoto una kona na malori ya kwenda Malawi yamejaa, ushuke na gia, usikalie breki.

Siku ya kwanza: juu kwenye vyanzo

Ukipita Uyole barabara inaanza kupanda, hewa inabadilika, unaanza kuona mashamba ya viazi na pareto yamepanda mpaka juu ya vilima. Isyonje ndo pa kushuka kama unataka kuona vyanzo vyenyewe kwa utulivu, na pale pale kuna njia inayokata kushoto kwenda Kikondo na Kitulo. Tembea tu na mwenyeji pembeni ya mashamba, mwambie akuonyeshe wanapochota maji. Utaona chemchemi nyingine imezungukwa na miti ya asili, maji yanatoka baridi na safi, na nyingine wamelima mpaka ukingoni au wamepanda mikaratusi, na hiyo utaona mwenyewe tofauti yake bila kuambiwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Ukilijua hilo unatembea na jicho lingine, na kiukweli inauma unapokuta mtu kalima mpaka kwenye tope.

Ngozi unaifanya siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Unashuka Mchangani, Isongole, pale kuna kibao na vijana wa kuongoza. Msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwaiyo kuna malipo, lipa upate risiti. Kutoka barabarani mpaka mdomo wa kreta ni kilomita kama saba hivi, nusu ya kwanza unapita mashambani tu na bodaboda inafika mbali, ila nikushauri utembee. Msituni kuna mianzi, migomba pori, ukikaa kimya unasikia mbega kabla hujawaona. Sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali, unashika mizizi. Kisha ghafla ardhi inaisha, chini kabisa, mita kama mia mbili, kuna ziwa la kijani limekaa ndani ya kuta za msitu, urefu wake kama kilomita mbili na nusu, na hakuna mto hata mmoja unaoonekana kutoka. Maji yanakaa mle ndani ya volkano. Wazee wa huku wana habari nyingi za ziwa hili, za nyoka mkubwa na za dawa, ukipata kiongozi mtu mzima mwache aongee, usimkatishe na usimcheke.

Kushuka mpaka majini inawezekana ila njia imesimama sana. Kama imenyesha jana usishuke, baki juu. Anza kupanda saa moja au mbili asubuhi maana ikifika mchana ukungu unaingia.

Siku ya pili: Daraja la Mungu na Kijungu

Hii ndo siku yenyewe, usiibane na kitu kingine.

Unashuka kwa kosta mpaka Kibwe, kabla ya kufika Tukuyu, kama kilomita 12 hivi. Pale bodaboda wapo, na njia ya kwenda darajani ni kilomita kama 12 nyingine kuelekea magharibi. Patana bei ya kwenda na kurudi kabisa na kumsubirisha, na mkubaliane kwamba mnapita Daraja la Mungu na Kijungu vyote viwili, usije ukakuta bei mpya mkiwa porini. Dogo ukimheshimu anageuka kiongozi mzuri tu, anakwambia nani analima nini na wapi pana chai.

Daraja la Mungu ukifika unaweza usilitambue mara moja, kwa sababu njia inakupitisha juu yake na juu kuna udongo na majani, unadhani umesimama kwenye ardhi ya kawaida. Kumbe chini ya miguu yako Kiwira inapita. Shuka pembeni uone kwa chini, hapo ndo utaelewa: upinde wa mwamba mweusi umevuka mto kutoka ukingo mpaka ukingo, hakuna mkono wa mtu. Ni kazi ya lava. Volkano za Rungwe zilimwaga, lava ikafuata bonde la mto kama vitu vyote vinavyotiririka, juu ikapoa ikaganda, maji nayo hayakukubali kuzuiwa yakatafuta upenyo chini yake yakaendelea kula kidogo kidogo mpaka yakapata njia. Kaa pale. Usipige picha tatu ukaondoka. Angalia rangi ya mwamba sehemu maji yanapogusa na sehemu ambayo hayafiki, angalia alama za maji ya mvua kubwa yalipofika, utashangaa ziko juu kiasi gani, na hapo utajua kwanini wenyeji wanakataza kushuka ukingoni ikiwa kule Uporoto kuna wingu jeusi hata kama hapo ulipo jua linawaka. Mto huu unajaa kwa mvua ambayo wewe hujaiona. Maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya udongo, au ukaona majani na vijiti vinakuja kwa wingi, toka mtoni hapo hapo.

Kijungu iko mbele kidogo kufuata mto, na iko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwaiyo utaripoti getini, utajieleza, utaandika jina. Beba kitambulisho. Kuwa mpole, vaa kwa heshima, usielekeze kamera kwenye majengo wala askari, uliza kwanza picha ziko ruhusa wapi. Wakishakuruhusu utashushwa mpaka mtoni. Pale mto mzima, ule ule uliouona umetanuka huko nyuma, unabanwa kwenye mpasuko wa mwamba na kuingia kwenye shimo la duara ambamo maji yanazunguka na kutoka povu yakichemka bila moto. Sauti yake unaisikia kifuani. Mwamba wa pembeni umelambwa na maji ukawa laini sana, unateleza hata ukiwa mkavu. Simama mbali na mdomo, watoto washike mkono muda wote, na selfi za kurudi kinyumenyume ukingoni acha kabisa. Anayeingia mle hatoki.

Nikisema fuata mto nilikuwa nawaza hapa. Aliyepelekwa Kijungu peke yake kwa gari anaona shimo la maji. Wewe uliyeanza na chemchemi ya Isyonje unayoweza kuiziba na kiganja unajua hayo maji ni yale yale, yameongezewa vijito tu njiani.

Siku ya tatu: Tukuyu kushuka

Lala Tukuyu, gesti za bei ya kawaida zipo nyingi, na uhakikishe wana blanketi la maana. Kula ndizi. Mbalaga ya Rungwe na maharage au nyama, na parachichi pembeni, ukiondoka bila kula hiyo umekosa nusu ya safari. Chai unayokunywa imechumwa kwenye mashamba unayoyaona dirishani, ukitoka nje asubuhi ukungu umelala juu yake na wachumaji wako kazini tayari.

Maporomoko ya Kaporogwe yako kusini mwa mji, maji yanaanguka mita kama 40, na kuna nafasi kwenye mwamba nyuma ya maji ambapo ukiingia unaiona nchi kupitia maji yenyewe. Njia ya kushuka ni ya udongo, nenda na bodaboda mzoefu na ufike asubuhi. Utalowa, hilo halina mjadala.

Kutoka hapo una njia mbili. Ya lami inaenda Kyela. Ya Masoko na Ipinda ni mbaya zaidi ila ni nzuri kwa macho, inapita ziwa la Kisiba pale Masoko, ziwa la kreta dogo la duara lenye utulivu, na jengo la Wajerumani pembeni ambalo lilikuja kuwa mahakama. Watu wa pale watakusimulia habari za mali na sarafu ambazo Wajerumani walizitupa ziwani wakikimbia vita ya kwanza. Kama kavu, pita huku. Kama imenyesha, pita lami.

Mpaka ziwani

Ukishuka kuelekea Kyela shusha kioo. Joto linaingia, migomba inapungua, kakao na michikichi na mashamba ya mpunga yanaanza, na Kiwira iliyokuwa inapiga kelele kwenye mawe sasa ni pana, ya udongo, inajikunja kunja kwenye tambarare kabla ya kuingia Nyasa. Huku chini mto usiuzoee. Mamba wapo kwenye mito ya Kyela, usiingie kuoga wala kuvuka kwa miguu bila mwenyeji, na akina mama wanapochotea maji panajulikana, uliza. Malaria ya Kyela sio ya Mbeya, lala ndani ya neti.

Mahali pa kumalizia ni Matema, mdomo wa Kiwira wenyewe ni tope na matete, huko hakuna pa kukaa. Unapita Ipinda, unafika mwisho wa barabara, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ambapo milima ya Livingstone inasimama moja kwa moja kutoka majini. Ziwa lina kina cha karibu mita 700 sehemu za ndani, na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Ufukwe ni wa mchanga, maji meupe, unaogelea vizuri, ila karibu na mdomo wa mto Lufilyo usiende kuogelea kwa sababu ya mamba hao hao. Kula mbasa, samaki wa huku ziwani, na wali wa Kyela. Asubuhi kodi mtumbwi na mwenye mtumbwi wake uende Ikombe kwa Wakisi, akina mama wanaofinyanga vyungu kwa mkono, na kama ni Jumamosi vyungu vyenyewe utavikuta soko la Lyulilo pale pale Matema. Nenda mapema, mchana upepo unachafua ziwa.

Kuhusu watu

Popote utakapofika salimia kwanza. Shikamoo kwa wakubwa, tena simama kabisa, usisalimie huku unatembea. Mzee au mama akikujibu kwa Kinyakyusa wewe sema ndaga fijo, yani asante sana, utaona uso unavyofunguka. Ukitaka kuingia sehemu isiyo ya hifadhi, chanzo cha maji, mto unaopita shambani kwa mtu, pita ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe. Kuna miti na mabwawa ambayo ni ya mizimu ya ukoo, hayana kibao, na usipouliza unakanyaga. Picha za watu omba. Kiongozi wa kijijini mlipe vizuri, hiyo hela ndo inayomfanya aone msitu una faida ukiwa umesimama.

Sabuni usiingize mtoni. Hata kidogo. Chini yako kuna mtu anakunywa.

Ukiwa na siku zaidi

Ukishaonja Kiwira ugeukie upande wa pili wa Uporoto, ufuate maji ya Ruaha. Unaanzia Kitulo, Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo maua yake yanachanua Desemba mpaka Aprili kwaiyo hapo lazima ukubali tope. Njia ya kutoka Chimala kupanda Matamba ina kona 57 na ukisimama juu unaiona Usangu yote imelala chini. Ukishuka unafuata Usangu na kinamasi cha Ihefu, na hapo utakuta habari ya kuhuzunisha, Ruaha Mkuu uliokuwa hautulii mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 mwanzoni umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi, maji yakiwa yametumika mashambani huko juu. Ukifika Iringa simama Isimila, kilomita 20 kutoka mjini ukija na barabara ya Mbeya, uone nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko wa maji na zana za mawe za watu wa kale zimelala pale pale chini.

Kurudi kutoka Matema gari zinaondoka alfajiri, na zikishaondoka kusubiri ni kurefu. Jioni yake mtafute dereva au kondakta umwambie unapolala ili akupitie, na nauli ya mpaka Kyela uulize kwa abiria, usiulize kwa mpiga debe.